Injili Niliyodhani Ni Dawa ya Risasi

Jumapili iliyopita kanisani, mbele yangu alisimama mtoto wa kike wa miaka saba hivi. Padri alipotangaza Injili, sote tulijichora zile alama tatu ndogo za msalaba: kwenye paji la uso, kwenye mdomo, kwenye kifua. Yule mtoto alijichora kwa nguvu, kidole gumba kikikwaruza ngozi kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua. Sikusikia tena somo. Nilikuwa nimerudi Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, utotoni, wakati wa vita, na watu walipoketi mimi nilibaki nimesimama mpaka mama mmoja akanivuta kikwembe, kitenge nilichojifunga.

Sijui kama ninafaa kuandika jambo hili. Shule yangu iliishia mwaka wa sita wa primaire, na mambo ya Injili yana wenyewe waliokaa seminari miaka na miaka. Lakini ninyi wa rika langu mliolelewa Butembo au Beni siku zile mtanielewa upesi, na pale nitakapokosea mtajua nimekosea upande gani.

Mnawakumbuka vijana wa msituni, wale waliokuwa wakinyunyiziwa maji kabla ya kwenda kupigana. Walipita juu ya mtaa wetu asubuhi, kwenye ukungu, majani kichwani, wakinuka moshi na jasho. Sisi watoto tulijua masharti yao kuliko katekisimu. Hawashiki mkono wa mtu. Hawaguswi na mwanamke. Hawagusi maiti. Hawachukui kitu cha mtu, na kuna mboga hawali. Mwenye kushika masharti yote, risasi ikimfikia inageuka maji. Tuliucheza mchezo huo nyuma ya nyumba kwa bunduki za mgomba, na aliyevunja sharti alilala chini, amekufa. Sisemi walikuwa wakisema kweli, wala sisemi walikuwa wakidanganya. Walioamini waliamini kwa maisha yao. Wengi niliowaona wakipanda mlima sikuwaona wakishuka.

Sasa mtoto mwenye kujua hayo yote akienda misa ataona nini? Ataona watu wote wameketi, wengine wanasinzia, halafu ghafla wote wanasimama. Kitabu kinaletwa kati ya mishumaa. Moshi unafukizwa. Hakuna anayenong'ona. Kisha kila mtu, hata mzee asiyeona, anafunga sehemu tatu za mwili wake kwa kidole. Nilifikiri sana juu ya sehemu hizo. Kichwa, mdomo, kifua: pale pale risasi ikiingia hutoki. Mguuni hawaweki, maana wa mguuni anapona. Nikajiambia kumbe hata Kanisa lina dawa yake, na yetu ni bora, haikatazi mboga. Katekista wetu alinithibitishia bila kujua. Alitufundisha kwamba Injili ni nguvu ya Mungu, na mimi sikuuliza zaidi.

Tangu hapo sikwenda chemchemi bila kujifunga. Milio ikisikika upande wa mlima nilisimama wima, nikajichora mara tatu, kisha nikaendelea kusaga mihogo kwa moyo mtulivu kabisa. Mama aliniona, akadhani nimekuwa mtoto wa sala. Alifurahi.

Baba alikuwa Mangurejipa, kwenye machimbo ya dhahabu, na hatukuwa na habari zake. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu Kahindo. Kahindo alikuwa amefika umri wa kuachishwa ziwa, na kama ilivyo desturi kwetu alipelekwa kwa shangazi, dada ya baba, huko Mulekera, Beni, asilione tena titi la mama mpaka alisahau. Ilikuwa iwe muda mfupi tu. Lakini njia ikafungwa katikati. Jirani yetu Mzee Saidi, Mwislamu mwenye lori, alikuwa akienda Beni na kurudi kama mtu anayekwenda shambani. Sasa lori lake lilisimama mbele ya nyumba na majani yakaota kati ya mataili.

Yeye ndiye aliyetuletea habari. Watu waliokuwa wakipita kwa miguu porini walikuwa wamemwambia. Aliingia, akavua kofia, akabaki ameishika.

"Mama Masika, keti kwanza."

"Nimeketi. Sema tu."

"Shangazi ya batoto anagonjwa sana kule Mulekera. Hasimame tena. Majirani bamekimbia. Mutoto iko naye mu nyumba."

"Nani anamupa chakula?"

"Ile habakuniambia. Na mi sitaki kukuongezea yenye sikusikia."

Mama aliinuka, akatoa chungu cha maharage motoni ingawa hayakuiva, akakiweka chini. "Nitaenda," alisema.

"Utapita wapi? Ata mi mwenye lori niko hapa nakata majani kwa mataili."

"Lori yako inaogopa kuliko miguu yangu."

Mzee Saidi alicheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye aibu. "Lori haina mutoto kule, Mama Masika. Ingekuwa naye, ingetembea yenyewe."

Mama alisema ataondoka alfajiri ya kesho. Sikuogopa kama mnavyodhani. Nilikuwa na kazi. Jumapili ilikuwa mbali, padri hakuweza kufika, na mama asingesikia Injili kabla ya kuingia njiani. Angekwenda akiwa wazi mwili mzima. Nikatoka mbio mpaka shambani kwa Papa Katekista.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, aliyelima viazi na kuzungumza polepole. Nilimkuta amechutama kwenye tuta.

"Papa Katekista, Injili yenye iko na nguvu sana juu ya risasi ni gani?"

Aliweka jembe chini. Nadhani alifikiri ni swali la katekisimu. "Unasema ya Matayo, ya Marko, ya Luka ama ya Yoane?"

"Ile ya kufunga mwili."

"Kufunga namna gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole gumba: hapa, hapa, hapa. Nikamweleza kwamba miguu si neno, ataivumilia. Mdomo wake ulianza kucheka, kisha akaniangalia machoni na kicheko kikaishia hapo.

"Nani alikufundisha hii?"

"Weye."

Alivunjavunja bonge la udongo vidoleni. Kisha akasema, "Leo shirika iko kwenu, si ndiyo? Nitakuja mi mwenyewe. Ambia mama asifunge mulango."

Shirika, kwa asiyejua, ni majirani Wakristo wanaokutana kila juma, leo nyumba hii, kesho ile. Mmoja anasoma Injili, kisha kila mtu anasema neno alilolisikia. Jioni ile walikuja wachache. Nyumba ilinuka moshi wa mikaratusi na vikwembe vilivyolowa mvua. Alikuwepo Mama Kavira, mke wa fundi cherehani wa kule bondeni. Yeye aliuza mawese, na alikuwa mtu wa utani hata katikati ya sala. Aliposikia mama anakwenda Beni alisema, "Basi twende wote. Mawese ya Butembo imekuwa bei ya dawa. Nikipata bidon moja tu kule, mume yangu ataacha kula majani ya sombe bila mafuta na kuniangalia kama mi ndiye nilileta vita."

Papa Katekista akafungua kitabu. Nilisimama kabla ya wengine wote. Nilitaka kusikia Injili ya Bwana akituliza mawimbi, au ile ya kuwapofusha adui, kama iko. Lakini alisoma kuhusu usiku ule bustanini: jinsi walivyokuja na marungu na panga, jinsi rafiki mmoja alivyochomoa upanga na Bwana akamwambia aurudishe, jinsi walivyomkamata naye akaenda nao.

Nilishindwa kujizuia. "Papa Katekista, hii hapana. Soma ingine."

Watu walicheka. Mama Kavira akasema, "Muache. Huyu anatafuta chanjo ya mama yake."

Papa Katekista hakucheka. Alinijibu mimi, mtoto, mbele ya watu wazima wote. "Masika, mi najua unatafuta nini. Nilichagua hii juu yako. Yeye mwenyewe hakufungwa mwili. Bakamutoboa mikono, bakamutoboa miguu, na ubavu. Kama Injili ingekuwa dawa ya risasi, angeanza nayo yeye."

"Sasa inafanya nini?"

Aligeuza ukurasa, akaurudisha. Nikiri kwa haki yake kwamba alitafuta jibu kweli; jasho lilimtoka. "Inatuambia kile alifanya," alisema mwishoni. "Na kwamba mauti haikubaki naye. Kwanza ni habari. Mutu aliona, akakuja akasema."

Kwangu halikuwa jibu. Habari ingemsaidia nini mama mbele ya barrière, pale wenye bunduki wanapofunga njia? Nilitaka kitu cha kushika. Nilimchukia kidogo yule mzee, na ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa leo naona hakuwa na deni kwangu.

Ikafika zamu ya kusema. Mmoja alisikia neno la upanga, mwingine neno la usingizi wa marafiki. Mama alisema, "Mi nimesikia kwamba alijua banakuya, na hakutoroka. Basi kesho naenda."

Papa Katekista alishtuka. "Mama Masika, sikusoma juu uende."

"Najua, Papa. Weye umesoma tu. Mi ndiye nimesikia."

Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito, miti ya mikaratusi ikidondosha maji juu ya bati. Mama alifunga ndizi za kuchoma na chumvi kwenye kitambaa. Mama Kavira alikuja amejifunga kikwembe cha manjano chenye ndege, bidon tupu, dumu lake la mawese, mgongoni. Mama alipiga goti mbele yangu.

"Nichore."

"Juu ya nini? Papa Katekista amesema haifungi."

"Nichore tu. Hapa," akagusa paji lake, "juu nisipotee njia. Hapa kwa mdomo, juu nisibatukane wale ba barrière, unanijua. Na hapa..." Aligusa kifua, akafikiri. "Hapa sijui. Weka tu."

Nilimchora. Mama Kavira akainama naye. "Na mi, docteur. Nipige hiyo sindano, lakini polepole, mi naogopa." Nilimkandamiza kifuani mpaka akasema "aï" kwa utani, akanipiga kofi dogo shavuni. Mkono wake ulinuka mawese. Nikabaki na bibi mmoja jirani, mlango ukafungwa, sauti zao zikaingia kwenye ukungu upande wa Maboya.

Siku za kungoja sikuzihesabu. Nilizijaza. Nilisaga, nilipika, nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa. Mzee Saidi alipita kila asubuhi kuuliza, na mimi nilimuuliza vilevile, kila mmoja akitumaini mwenzake ndiye anayejua. Niliamua jambo moja: kama mama hatarudi, mimi nitakwenda Mulekera kwa njia ile ile. Nilikuwa nimekwisha ficha ndizi. Sikuwa shujaa, nilikuwa mtoto tu aliyeona jinsi inavyofanywa.

Alirudi alasiri moja ya mvua. Kahindo alikuwa mgongoni mwake, amekonda, macho makubwa, amefungwa kwa kikwembe cha manjano chenye ndege. Nilitazama nyuma ya mama. Njia ilikuwa tupu.

Kwetu msafiri haulizwi mlangoni. Anaketi, anapewa maji, anakula, ndipo anasema. Nilimwosha mama miguu. Nyayo zilikuwa zimechanika na ngozi ikabanduka ikabaki mkononi mwangu. Kahindo nilimwita, akaficha uso. Hakutujua. Alikuwa akimlilia shangazi kwa kumwita mama, mbele ya mama mwenyewe, na mama alimeza bugali wake.

Alipomaliza alijifunga kikwembe kikavu, akamrudisha Kahindo ndani ya kile cha manjano, akaniwekea mimi mgongoni. "Twende kwa Baba Kavira," alisema. "Kabla batu bengine habajamuambia vibaya."

"Pumzika kwanza, mama."

"Nikipumzika sitasimama tena."

Baba Kavira alikuwa barazani kwenye cherehani yake, akishona kola ya shati. Alikiona kile kikwembe mgongoni mwangu kabla ya kutuona sisi. Mguu wake ulisimama juu ya pedali. Alituletea kiti, akamletea mama maji, kama inavyotakiwa, na maji yakamwagika kwenye shati la mteja.

Mama alisema. Walifika Mulekera. Shangazi alikuwa amekwisha kuzikwa. Bibi mmoja asiyeweza kukimbia ndiye aliyebaki na mtoto, akimlisha ndizi za kuchemsha. Walirudi bila mawese, maana Mama Kavira alisema bidon haiwezi kulia, mtoto ndiye atangulie. Kwenye mlima wa Kabasha miguu ya mama ilikataa. Mama Kavira akamchukua Kahindo mgongoni mwake, akimtania mama kwamba Wakristo wa Vulamba wana visigino vya sabuni. Kwenye kona moja watu wakaanza kupigana, wengine juu, wengine chini. Mama hakujua risasi ilitoka upande gani. Alisema hivyo mara mbili, na mimi siwezi kuandika zaidi ya alivyoona yeye. Mama Kavira alimfungua mtoto, akamlaza kwenye mtaro, akalala juu yake.

"Iliingia hapa," mama alisema, akagusa kifua.

Nilijua pale mahali. Kidole changu kilikuwa kimepita pale.

"Alisema kintu?" Baba Kavira aliuliza.

"Alisema, shika muguu ya mutoto, iko inje. Nikauvuta ndani. Kisha hakusema tena."

Baba Kavira aliitika kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea kipimo cha nguo.

"Nani alimuzika?"

"Milio ilipoisha alitoka kijana moja wa musituni. Wale ba mayi. Nilikuwa nachimba na kijiti. Akasema leta. Nikamuambia, weye, masharti yako, hamugusake maiti, dawa yako itakufa. Akasema, hata ife. Akachimba, akamushika kichwani, mi miguuni. Tukamulaza vizuri. Naweza kukuonyesha fasi yenye tulimulaza."

Nilimpandisha Kahindo mgongoni. Nilikuwa nimebeba swali la hasira la kumuuliza Papa Katekista, Injili inafaa nini basi, na swali lile likawa dogo. Yule kijana alikuwa na dawa, akaivunja. Mama Kavira hakuwa na kitu ila alama ya kidole cha mtoto, na risasi iliipita. Lakini mtoto alikuwa mgongoni mwangu, ana joto, amenilowesha kwa mkojo. Sina elimu ya kusema hii ndiyo maana ya Injili. Pengine waliosoma watanisahihisha. Ninachoweza kusema ni kwamba hata leo nikisikia Injili inatangazwa, sifikirii tena kitabu. Ninafikiria mwanamke mwenye miguu iliyochanika, aliyekataa kupumzika, na anayemleta aliyepona ili aonekane.

Baba Kavira alinyoosha mikono. Nilimfungua Kahindo. Mtoto aliyekataa kila mtu nyumbani kwetu aliwekwa kwenye mapaja ya mtu asiyemjua, na hakulia. Alishika ncha ya tepi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake, akaitia mdomoni. Baba Kavira alikunjua kile kikwembe, akatazama pindo aliloshona mwenyewe, akamfunika mtoto nacho.

Jirani wa kwanza alikuwa amefika mlangoni, mama mmoja na kikapu cha majani ya maboga, akauliza kwa macho kuna nini. Nyuma yake walikuja wengine wawili. Mama aliinuka ili tuondoke.

"Hapana, Mama Masika," Baba Kavira alisema. "Keti. Weye ndiye ulikuwa kule. Baambie na bao."

"Yote?"

"Yote. Anzia Mulekera."

Wale wanawake waliweka vikapu chini. Mama alikunywa maji yaliyobaki kwenye kikombe, akafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akaanza tena.